Aldolasi na formaldehaidi: maswali tunayoulizwa kila mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo kikuu, awe Chiromo jijini Nairobi au Juja, anayetafuta mada ya mradi, mwalimu wa kemia wa sekondari, na yeyote aliyesikia kwamba formalini inaweza kugeuzwa sukari akataka kujua kama ni kweli au ni porojo za mtandaoni. Maswali yamepangwa jinsi yanavyotufikia. Majibu mengine ni marefu kwa sababu swali lina mizizi. Mengine ni sentensi mbili, na hayahitaji zaidi.

Formaldehaidi ni kitu gani? Si ile dawa ya mochari?

Ndiyo hiyo hiyo. Formalini ya mochari, ile inayowasha macho hata ukiwa bado mlangoni, ni formaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji, kwa kawaida karibu asilimia 37 kwa uzani. Huongezewa methanoli kidogo ili isijiunge yenyewe kwa yenyewe ikawa unga mweupe chini ya chupa. Ikiwa peke yake ni gesi. Huchemka kwenye nyuzi 19 chini ya sifuri. Molekuli yake ni ndogo kupindukia: kaboni moja, oksijeni moja, haidrojeni mbili, basi.

Mjini tunaishi nayo kuliko tunavyodhani. Gundi inayoshikilia mbao za MDF na plaiwudi, zile za makabati ya jikoni na stendi za televisheni zinazouzwa kando ya Ngong Road, nyingi hutengenezwa kwa urea na formaldehaidi. Gundi za namna hiyo ndizo zinazomeza sehemu kubwa ya formaldehaidi ya dunia. Viwandani hupatikana kwa kupitisha methanoli na hewa juu ya fedha, au juu ya oksidi za chuma na molibdeni, zikiwa na joto kali.

Na aldolasi?

Ni kimeng'enya kinachounga kaboni na kaboni, au kuzitenganisha. Unayo mwilini sasa hivi. Ugali uliokula mchana ukishakuwa glukosi, chembe zako huibadilisha kidogo, kisha aldolasi huikata katikati: kaboni sita zinakuwa tatu na tatu. Wajerumani Meyerhof na Lohmann waliueleza mmenyuko huo mwaka 1934. Jambo la kushika ni kwamba njia hiyo inapitika kwenda na kurudi. Kinachokata kinaweza pia kuunga, mradi umekipa malighafi za kutosha upande wa pili.

Bila kimeng'enya, muungano wa aina hii ulijulikana zamani zaidi. Wurtz aliuchapisha Paris mwaka 1872, na miaka hiyo hiyo Borodin alikuwa akiufanyia kazi St Petersburg. Ndiye Borodin yule mtunzi wa muziki; kemia ndiyo iliyokuwa ikimlipa mshahara.

Aldolasi ziko za madaraja mawili. Za daraja la kwanza hushika malighafi kwa laisini, mojawapo ya asidi amino zake, zikafunga kiungo cha muda. Za daraja la pili hutumia ayoni ya metali, mara nyingi zinki, kuituliza molekuli mpaka iungane na mwenzake. Tofauti hii itakuwa na maana tukifika kwenye suala la sumu.

Chokaa nayo huunganisha formaldehaidi. Mbona mhangaike na vimeng'enya?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote hapa, na kwa kawaida huulizwa na walimu.

Mwaka 1861 Mrusi Aleksandr Butlerov alitia formaldehaidi kwenye besi, akapata kitu kitamu. Alikuwa ametengeneza sukari kutokana na kaboni moja moja. Mmenyuko huo, unaoitwa formosi, bado unawashughulisha wanaochunguza jinsi uhai ulivyoanza duniani, na chokaa ndiyo besi inayoupenda zaidi. Huanza polepole mno, kiasi kwamba unaweza kudhani umekosea vipimo. Kisha glaikolaldehaidi ya kwanza, molekuli ya kaboni mbili, ikishapatikana, mmenyuko hujichochea wenyewe na kwenda mbio.

Shida ni kuusimamisha. Chokaa hupakia kama makanga wa usiku: anayekuja anaingia, na gari halijai. Kaboni mbili zinakuwa tatu, tatu zinakuwa nne, tano, sita, saba. Nyingine zinatoa matawi. Ukichelewa kidogo, sukari zenyewe zinaharibika na mchanganyiko unageuka manjano, kisha kahawia, wenye harufu ya sukari iliyoungua. Ndani yake mna makumi ya vitu tofauti, kila kimoja kidogo kidogo, na kuvitenganisha kunakula pesa kuliko thamani ya chochote utakachopata.

Aldolasi huongeza kaboni moja, halafu husimama. Mfuko wake wa kazi una nafasi ya molekuli mbili, zikikaa kwa namna moja tu, na zikishaungana hutoka nje. Hicho ndicho tunacholipia. Mtu akikuambia kwamba faida ya vimeng'enya ni kasi, mkumbushe kwamba chokaa nayo ina kasi.

Kwa hiyo mnaweza kutengeneza nini hasa?

Tuanze na mfano mmoja tunaoupenda. Asidi ya piruviki ina kaboni tatu, na kila chembe hai huitengeneza inapovunja sukari. Iweke pamoja na formaldehaidi na aldolasi inayofaa, nawe utapata asidi ya kaboni nne inayoitwa 4-haidroksi-2-oksobutanoiki. Wenye kazi yao huiita HOB, nasi tutaiita hivyo. Uzito wa molekuli ya asidi ya piruviki ni 88, wa formaldehaidi ni 30, wa HOB ni 118. Piga hesabu: hakuna hata atomu moja iliyotupwa. Kemia nyingi za viwandani huacha nyuma chumvi, maji machafu au gesi. Hii haiachi kitu.

Aldolasi zinazoiweza kazi hii hazikuumbwa kwa ajili ya formaldehaidi. Moja maarufu, YfaU, hutoka kwa bakteria E. coli, na kazi yake ya kawaida ni kukata mabaki ya sukari ya ramnosi. Ikikutana na formaldehaidi, inaikubali. Vimeng'enya vingi vina ulegevu wa namna hiyo, na taaluma nzima imejengwa juu yake.

HOB ikiongezewa kikundi cha amini, chenye nitrojeni, inakuwa homoserini, na hapo uko kwenye njia panda ya asidi amino mbili: huku threonini, kule methionini. Anayefuga kuku wa mayai Kikuyu au Ruiru ameshayaona majina hayo kwenye kibandiko cha gunia la chakula. Soya haina methionini ya kutosha, kwa hiyo lazima iongezwe. Methionini inayotengenezwa kikemia leo huanzia kwenye mafuta ya petroli au gesi, na njiani hupitia sianidi ya haidrojeni. Njia ya aldolasi haina haja ya sianidi. Sisemi kwamba itashinda kwa bei kesho asubuhi. Viwanda vya methionini ni vikubwa na vimejifunza kubana gharama kwa miongo mingi. Lakini hapa ndipo ningeweka pesa yangu kama ningekuwa nayo.

Kisha kuna serini, asidi amino inayotumika katika maji ya kuongezea wagonjwa lishe na katika vipodozi. Glaisini ukiiongezea formaldehaidi unapata serini, kaboni mbili zikawa tatu. Vimeng'enya kadhaa hufanya kazi hiyo, vikiwemo vile vya jamii ya aldolasi za threonini.

Bidhaa inayopendwa sana kwenye habari ni 1,3-propanedioli, kiungo cha poliesta ya mazulia. HOB hutolewa kaboni dioksidi, kinachobaki kinaongezewa haidrojeni, na umefika. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba E. coli anaweza kuifanya safari hiyo yote. Mimi siishabikii. Umeingiza kaboni moja ya formaldehaidi, halafu umeipoteza moja kama gesi. Kitabu cha kaboni kimerudi pale pale kilipokuwa, na umelipia vimeng'enya vya ziada.

Nasikia kuna suala la "mkono wa kulia na wa kushoto". Formaldehaidi inao?

Swali ni la molekuli zenye aina mbili zinazofanana kama mikono yako miwili: moja ni taswira ya nyingine kwenye kioo. Formaldehaidi yenyewe haina. Ikiungwa na piruveti, yaani ile asidi ya piruviki, HOB nayo haina. Lakini badala ya piruveti tumia asidi ya jamii hiyo iliyo ndefu kidogo, na kaboni inayoipokea formaldehaidi hupata upande: kulia au kushoto. Katika dawa, upande mmoja unaweza kutibu na wa pili ukawa mzigo tu kwa ini. Kundi la Pere Clapés kule Barcelona limeonyesha kwamba ukitumia YfaU iliyorekebishwa unapata upande mmoja, na ukitumia kimeng'enya kingine, ambacho kwa asili hushiriki kutengeneza vitamini B5, unapata upande wa pili kutoka kwa malighafi zile zile. Chokaa ingekupa nusu kwa nusu.

Kuna dawa yoyote iliyokwisha tengenezwa kwa aldolasi?

Zipo, ingawa nyingi zinatumia ndugu wa formaldehaidi mwenye kaboni mbili, asetaldehaidi. Aldolasi inayoitwa DERA ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Mwaka 1994 kundi la Chi-Huey Wong lilionyesha kwamba DERA inaweza kuunga asetaldehaidi mara mbili mfululizo, na kutokana na hilo ikaja njia ya kutengeneza mkia wa dawa za kolesteroli kama atorvastatin. Mwaka 2019 Merck walichapisha njia ya kupata islatravir, molekuli ya kupambana na HIV, kwa vimeng'enya tisa, vitano kati yake vikiwa vimerekebishwa. DERA imo.

Tunaitaja DERA kwa sababu inajibu pingamizi la kwamba mambo haya ni ya kwenye karatasi tu.

Formaldehaidi huua kila kitu. Mbona haiui kimeng'enya chenyewe?

Inakiua. Na miradi mingi ya wanafunzi hukwama hapa, kwa hiyo tukae kidogo.

Formaldehaidi huhifadhi maiti kwa sababu hushika vikundi vya amini kwenye protini na kuzifunga moja kwa nyingine. Aldolasi ni protini. Ya daraja la kwanza ina laisini, yenye amini, katikati kabisa ya mfuko wake wa kazi. Ukiimwaga formaldehaidi yote mwanzoni, unaona kazi ikienda vizuri kwa muda mfupi, kisha grafu inalala. Ukiongeza kimeng'enya kipya inaamka, halafu inalala tena. Umegeuza protini ya bei kuwa kielelezo cha makumbusho.

Ugumu una upande wa pili. Kwa kuwa aldolasi nyingi hazikuzoea formaldehaidi, zinaitaka kwa wingi ndipo zifanye kazi kwa kasi ya maana. Tena ndani ya maji karibu formaldehaidi yote hujifunga na maji ikawa methanedioli. Iliyo huru ni chini ya asilimia 1. Kwa hiyo kimeng'enya kinataka nyingi, na nyingi inakiua.

Wafanyao kazi hii wana njia chache. Ya kwanza ni kudondosha: pampu ndogo inaingiza formaldehaidi kidogo kidogo, kwa mwendo ule ule inavyotumika, ili isirundikane. Serini ilitengenezwa hivyo tangu miaka ya 1980, kwa kifaa kinachofuatilia kiasi kilichobaki na kuongeza panapopungua. Ya pili ni kuitengeneza pale pale: unaweka methanoli, ambayo ni mpole kwa protini, na oksidasi ya alkoholi inayoigeuza formaldehaidi, na aldolasi inaichukua kabla haijazurura. Oksidasi hiyo huzaa peroksidi ya haidrojeni, kwa hiyo unahitaji pia katalasi ya kuivunja. Ya tatu ni kukibadilisha kimeng'enya: unazalisha maelfu ya aina zake zenye tofauti ndogo, unazijaribu, unabaki na zinazovumilia. Hiyo ya tatu ndiyo yenye sifa kwenye majarida. Kwa maabara yenye bajeti yetu, pampu kwanza.

Mnajuaje kwamba imefanya kazi?

Kwa kuanzia, kwa rangi. Kipimo cha Nash, cha mwaka 1953, kinahitaji asetilasetoni, asetati ya amonia na asidi asetiki kidogo. Unachanganya na sampuli, unaweka kwenye maji ya nyuzi 37 kwa karibu saa nzima, na palipo na formaldehaidi rangi ya manjano hujitokeza. Mashine huisoma kwa mwanga wa nanomita 412, lakini jicho nalo linaona. Chota sampuli kila baada ya dakika kumi, panga mirija kwenye stendi: wa kwanza umekolea, unaofuata umepungua, na wa mwisho lazima uuweke mbele ya karatasi nyeupe ndipo uone kama una rangi.

Mwanafunzi akiona hivyo hupiga simu nyumbani. Asipige bado. Manjano kupungua maana yake ni kwamba formaldehaidi imekwenda mahali fulani. Haisemi imekwenda wapi. Kuna mitego miwili tunayoiona kila mwaka.

Wa kwanza ni Tris. Maabara nyingi za bayolojia huchukua Tris bila kufikiri kila zinapotaka kudhibiti asidi ya myeyusho. Tris ina amini. Formaldehaidi huishika Tris papo hapo, na wewe unaandika kwamba kimeng'enya chako ni hodari. Tumia fosfati.

Wa pili ni protini yenyewe, kwa sababu tulizoeleza juu: inameza formaldehaidi kwa kufungwa nayo. Kwa hiyo lazima pawe na mrija wa kulinganisha wenye kimeng'enya kile kile, kiasi kile kile, kilichochemshwa mpaka kikafa. Manjano ikipungua kwenye mrija huo pia, huna matokeo. Mwisho wa yote ni kuipima bidhaa yenyewe, HOB au serini, kwa kromatografia, mbinu ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Hapo sasa piga simu.

Na usitumie formalini ya mochari kwa vipimo. Methanoli iliyomo inavuruga hesabu, hasa kama kuna oksidasi ya alkoholi humo humo.

Kuna kiumbe kinachofanya haya bila kufundishwa?

Wapo tele. Bakteria wanaoishi kwa methanoli hupitisha kaboni yao yote kwenye formaldehaidi. Baadhi yao, kama Bacillus methanolicus anayefurahia joto la nyuzi 50, wana aldolasi maalumu inayoiunga formaldehaidi na sukari ya kaboni tano ikawa ya sita, na hawaachi formaldehaidi ipumue. Wengine hupitia serini. Mwaka 2020 kundi la James Liao lilichapisha E. coli aliyerekebishwa mpaka akakua kwa methanoli peke yake, akijigawa kila baada ya karibu saa nane. Ni mzembe, maana E. coli wa kawaida kwenye chakula kizuri hujigawa kila dakika 20, lakini anaishi.

Arren Bar-Even na wenzake huko Potsdam walipendekeza njia nyingine, mzunguko wa homoserini, unaotegemea aldolasi mbili zile zile tulizozitaja juu: ya serini na ya HOB. Alifariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 40. Ukisoma makala za uwanja huu utakutana na jina lake kila kona.

Ni kweli Wachina wametengeneza wanga bila shamba?

Ni kweli. Septemba 2021 watafiti wa Tianjin walichapisha katika jarida la Science njia ya kutoka kaboni dioksidi hadi wanga kwa mimenyuko mikuu 11. Kaboni dioksidi inageuzwa methanoli kwa kichocheo cha oksidi za metali, methanoli inakuwa formaldehaidi, formaldehaidi tatu zinaunganishwa kuwa dihaidroksiasetoni, sukari ya kaboni tatu, na baadaye aldolasi ya kazi ile ile kama ya kwenye misuli yako, ikitumika kinyume, inaunga kaboni tatu na tatu kuwa sita. Kile kimeng'enya kinachounganisha formaldehaidi tatu, formolasi, si aldolasi kwa ukoo. Kilibuniwa kwa kompyuta katika kundi la David Baker na kuchapishwa mwaka 2015.

Kasi waliyoripoti ilikuwa karibu mara 8.5 ya mahindi, ikipimwa kwa uzito wa vichocheo. Gazeti likiandika "mara nane zaidi ya shamba", muulize mwandishi vimeng'enya hivyo viligharimu nini. Mkulima wa Trans Nzoia asiuze shamba bado.

Methanoli si ndiyo iliyoua watu kwenye pombe haramu?

Ndiyo. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki hapa Nairobi, katika mitaa ya Mukuru, baada ya kunywa kumi-kumi iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwilini methanoli hugeuka formaldehaidi, nayo kwa haraka hugeuka asidi ya fomiki. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoua macho.

Kuna anayeuliza kama aldolasi inaweza kutumika kama tiba. Hapana. Hospitali hutumia fomepizoli au ethanoli kuzuia methanoli isigeuzwe kabisa, na kusafisha damu kwa mashine. Aliyekunywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama anasema yuko sawa. Dalili huchelewa kwa saa nyingi.

Daktari ameandika "aldolase" kwenye kipimo cha damu. Ndiyo hii?

Ndiyo, ya kwenye misuli. Misuli ikiumia humwagika kwenye damu, na kiwango chake humsaidia daktari kutambua ugonjwa wa misuli. Haihusiani na formaldehaidi. Mwulize yeye, si sisi.

Methanoli yenyewe itatoka wapi? Tutaagiza tena kutoka nje?

Leo, ndiyo. Methanoli nyingi duniani hutokana na gesi asilia au makaa ya mawe, na ukitumia hiyo usijidai umeokoa mazingira.

Lakini kuna mfano unaotuhusu moja kwa moja. Aisilandi, karibu na Grindavik, kilijengwa kiwanda cha methanoli kilichokuwa kikichukua kaboni dioksidi inayotoka na mvuke wa ardhini na kuiunganisha na haidrojeni iliyopatikana kwa kupasua maji kwa umeme. Uwezo wake ulifikia tani 4,000 kwa mwaka. Olkaria, kwenye mitambo yetu ya umeme wa mvuke wa ardhini, tuna mvuke, tuna gesi inayotoka nao, na umeme unaozidi usiku watu wakilala. Kilomita chache kutoka hapo kuna Naivasha na maua yake, yanayoacha mabaki ya kutosha kutengenezea gesi ya samadi, na gesi hiyo nayo ina metheni inayoweza kugeuzwa methanoli.

Kwa nini tusitumie sukari tu? Kwa sababu nchi hii inaagiza sukari. Kuwapa bakteria kile ambacho mama mboga anakitafuta dukani ni sera mbaya hata kama kemia yake ni nzuri. Molasi ni jambo jingine. Tungefurahi kuona piruveti ikitoka kwenye molasi za Magharibi na kaboni ya nne ikitoka Olkaria.

Kazi hii inawezekana Nairobi, au ni mpaka mtu aende ng'ambo?

Inawezekana, kwa kiasi kikubwa. Jeni ya aldolasi huagizwa ikiwa imeshaundwa, inafika kwa kurieri ikiwa imekauka kwenye kijichupa kisichozidi ncha ya kidole. Unaiingiza ndani ya E. coli wa maabara, unawakuza usiku mmoja, asubuhi unawapasua na kimeng'enya kiko humo. Vifaa vya hatua hizo vipo Chiromo, vipo chuo kikuu cha JKUAT kule Juja, vipo taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI Kabete na ile ya wadudu, icipe, Kasarani.

Vibali usivikwepe. Utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi na teknolojia, na kwa kuwa bakteria wako wamerekebishwa kijenetiki, Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 inakutaka upitie Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia hata kama hawatoki nje ya maabara. Anza na kamati ya chuo chako. Watakuelekeza fomu ipi.

Adui mkubwa ni stima. Friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri ikizimika wikendi, Jumatatu una supu. Tunashauri kila mtu akaushe sehemu ya kimeng'enya chake kwa baridi na kukihifadhi kikiwa unga. Aldolasi nyingi huvumilia hilo vizuri, na unga unasafiri hata kwa matatu. Faida moja ndogo ya kuishi kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800: maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kuyakausha kwenye myeyusho ni rahisi kidogo kuliko Mombasa.

Naweza kununua formalini River Road nijaribu nyumbani?

Usijaribu. Mwaka 2004 IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, liliiweka formaldehaidi kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Jikoni hakuna kabati la kuvuta hewa chafu, na watoto wanalala chumba cha pili. Ikikurukia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali ukiwa bado unaosha kama inawezekana.

Mwalimu anayetaka kuonyesha darasani nguvu ya vimeng'enya ana ini la ng'ombe na peroksidi ya haidrojeni kutoka duka la dawa. Povu lake linatosha.

Kimeng'enya hiki kinaweza kuondoa formaldehaidi inayotoka kwenye samani mpya?

Hapana. Fungua madirisha, na fundi akufunikie kingo zote za MDF, hata zile za nyuma zisizoonekana.

Mabaki mnayamwaga wapi?

Si kwenye sinki. Maji taka ya sehemu kubwa ya jiji huishia Ruai, ambako kazi ya kuyasafisha hufanywa na bakteria, na formaldehaidi haichagui bakteria wa nani. Myeyusho uliobaki tunauweka kwenye mitungi ya plastiki yenye kibandiko cha jina, kiasi na tarehe, mifuniko ikiwa imekazwa, ndani ya kabati lenye feni. Ikijaa inachukuliwa na kampuni yenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Mirija ya kipimo cha Nash nayo huingia humo. Asetilasetoni inashika moto, kwa hiyo mtungi wake usikae karibu na chochote chenye joto.